Kukabiliana na uchovu sugu wa kazini kwa wahudumu wa afya

Uchovu sugu wa kazini kwa wahudumu wa afya ni hali inayowapata wauguzi, wakunga, madaktari, matabibu, wafamasia, wataalamu wa maabara na wengine wanaohudumia wagonjwa, pale ambapo msongo wa kazi unadumu kwa muda mrefu bila kupatiwa ufumbuzi. Mhudumu huishiwa nguvu za mwili na za kihisia, huanza kujitenga na wagonjwa wake, na huona kuwa kazi anayoifanya haina manufaa tena.

Hali hii ni tofauti na uchovu wa kawaida. Mtu aliyechoka baada ya zamu ndefu hupata nafuu akilala na kupumzika. Mwenye uchovu sugu hurudi kutoka likizo akiwa na nguvu kidogo, lakini baada ya siku chache hujikuta palepale alipokuwa.

Kukabiliana nayo kunahusu mambo ambayo mhudumu mwenyewe anaweza kufanya, msaada wa wenzake, na zaidi ya yote mabadiliko katika namna kazi inavyopangwa. Utafiti uliofanywa tangu miaka ya 1970 umeonyesha kwamba chanzo chake kikuu ni mazingira ya kazi, wala si udhaifu wa mtu.

## Maana

Katika Kiswahili hali hii hutajwa kwa maneno mbalimbali, kama vile uchovu wa kazi, uchovu uliokithiri au kuchoshwa na kazi. Kwa kuwa neno "uchovu" katika maongezi ya kila siku humaanisha kuchoka kwa mwili, mara nyingi mhudumu anayesema "nimechoka" hueleweka kuwa anahitaji usingizi tu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiorodhesha hali hii katika toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD-11), lililopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Humo haikuwekwa kati ya magonjwa, bali imeelezwa kuwa jambo linalohusiana na ajira, linalotokana na msongo wa muda mrefu mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa vizuri. WHO inasisitiza kuwa istilahi hii ihusu kazi tu, isitumike kueleza matatizo ya sehemu nyingine za maisha.

Si nchi zote zinazofuata msimamo huo. Kwa mfano, nchini Uswidi uchovu uliokithiri unaotokana na msongo umetambuliwa na madaktari kama ugonjwa tangu mwaka 2005, na mtu anaweza kupewa likizo ya ugonjwa kwa sababu hiyo.

## Historia

Kabla hali hii haijapewa jina, mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies Lyth alichunguza kazi ya wauguzi katika hospitali moja ya mafunzo mjini London. Katika makala aliyoitoa mwaka 1960 alieleza jinsi hospitali ilivyopanga kazi ili kumwepusha muuguzi na uchungu wa kuwa karibu mno na mgonjwa mmoja. Kazi iligawanywa vipandevipande, na wagonjwa walitajwa kwa namba ya kitanda au kwa kiungo kinachougua. Menzies Lyth alionyesha kuwa kinga hiyo haikuondoa wasiwasi, bali iliwanyima wauguzi faraja wanayoipata kutokana na kumwona mgonjwa wao akipona.

Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa Marekani mzaliwa wa Ujerumani, alichapisha mojawapo ya makala za kwanza za kitaalamu zilizoipa hali hii jina. Alikuwa akijitolea nyakati za jioni katika kliniki ya bure mjini New York iliyohudumia vijana, wakiwemo watumiaji wa dawa za kulevya. Aligundua kuwa wenzake wa kujitolea, ambao walianza wakiwa na ari kubwa, walikuwa wakiishiwa nguvu, wakikasirika upesi na kuwakatia tamaa watu waliokuja kuwasaidia. Yeye mwenyewe alipatwa na hali hiyo. Neno alilolichagua katika Kiingereza lina maana ya kuungua hadi kuzimika, kama kibatari kilichokwisha mafuta.

Wakati huohuo Christina Maslach, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikuwa akiwahoji watu wa kazi za kuhudumia wengine kuhusu namna wanavyohimili hisia zao. Mwaka 1981 yeye na Susan Jackson walitoa dodoso la kupima hali hiyo, ambalo limekuwa likitumiwa katika nchi nyingi hadi leo.

## Dalili

Kufuatana na Maslach, uchovu sugu wa kazini una pande tatu:

* Kuishiwa nguvu za kihisia. Mhudumu huamka akiwa amechoka, huogopa kwenda kazini, na huona hana tena cha kumpa mgonjwa.
* Kujitenga na wagonjwa. Humwona mgonjwa kama mzigo au namba. Huweza kusema maneno makali kwa mama anayejifungua, kuwakejeli ndugu wa mgonjwa au kutoa huduma bila kumtazama mtu usoni.
* Kuona kazi haina matunda. Huamini kuwa juhudi zake hazibadilishi kitu na kwamba hafai katika taaluma yake, hata kama wengine wanamwona kuwa hodari.

Pamoja na hayo mtu anaweza kuwa na maumivu ya kichwa na ya mgongo, kukosa usingizi, kusahausahau, kugombana nyumbani, kuchelewa au kukosa kazini, na kuongeza matumizi ya pombe au dawa za usingizi.

Dalili hazianzi siku moja. Kwa kawaida hujengeka polepole, na mara nyingi wenzake au watu wa familia huziona kabla ya mhusika mwenyewe.

## Tofauti na hali zinazofanana nayo

Sonona ni ugonjwa wa akili unaogusa maisha yote: mtu hupoteza furaha kazini, nyumbani na hata katika mambo aliyoyapenda. Uchovu sugu huanzia kazini, na mwanzoni mtu huweza bado kufurahia mambo mengine. Hata hivyo hali hizo mbili hukaribiana sana. Watafiti kama Renzo Bianchi na Irvin Schonfeld wamedai kuwa katika hali yake kali uchovu sugu hautofautiani na sonona. Kwa hiyo mhudumu mwenye dalili nzito anapaswa kuchunguzwa kama ana sonona, badala ya kuambiwa tu apumzike.

Uchovu wa huruma huwapata wanaokutana mara kwa mara na mateso ya wengine, kama vile wahudumu wa wagonjwa mahututi au wa watoto waliodhulumiwa. Carla Joinson aliueleza kwa wauguzi mwaka 1992, na baadaye Charles Figley aliuendeleza.

Dhiki ya kimaadili ilielezwa na mwanafalsafa Andrew Jameton mwaka 1984 katika kitabu kuhusu maadili ya uuguzi. Hutokea pale mhudumu anapojua jambo lililo sahihi lakini taasisi au uhaba unamzuia kulitenda. Mfano ni muuguzi mwenye mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wawili wanaouhitaji, au daktari anayejua dawa inayofaa lakini haipo hospitalini na mgonjwa hana fedha za kuinunua. Dhiki ya namna hii ikirudiwarudiwa huchangia uchovu sugu, na haiponi kwa mapumziko, kwa kuwa chanzo chake kinamsubiri mhudumu palepale wodini.

## Upimaji

Dodoso la Maslach la kwa wahudumu lina sentensi 22. Kati ya hizo, 9 zinapima kuishiwa nguvu, 5 zinapima kujitenga na 8 zinapima hisia ya mafanikio. Mhojiwa hujibu kwa namba kuanzia 0, yaani kamwe, hadi 6, yaani kila siku. Dodoso jingine, lililotungwa Denmark na kuchapishwa mwaka 2005, lina maswali 19 na hutenganisha uchovu wa maisha kwa jumla, wa kazi na unaotokana na wagonjwa.

Takwimu za hali hii zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Mapitio ya tafiti 182 kuhusu madaktari katika nchi 45, yaliyochapishwa mwaka 2018, yalikuta viwango kuanzia asilimia 0 hadi asilimia 80.5. Sababu ya tofauti hiyo kubwa ni kwamba watafiti walitumia angalau fasili 142 tofauti. Hivyo asilimia za hospitali mbili haziwezi kulinganishwa bila kujua kila moja ilipimwaje.

## Visababishi

Maslach na mwenzake Michael Leiter walitaja maeneo sita ya kazi ambayo yakiharibika huzaa uchovu sugu. Katika huduma za afya maeneo hayo huonekana hivi:

* Mzigo wa kazi. Wagonjwa ni wengi kuliko wahudumu, zamu za usiku hufuatana, na muuguzi mmoja huachiwa wodi nzima. Kazi ya maandishi nayo huongeza mzigo. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kuwa kwa kila saa ambayo daktari anakaa na wagonjwa, karibu saa mbili zilikwenda kwenye kompyuta na makaratasi. Nchini Tanzania mhudumu wa zahanati hutibu na pia hujaza rejista za Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya (MTUHA).
* Kukosa kauli. Mhudumu hupangiwa zamu, wodi au kituo bila kuulizwa, na hana mamlaka ya kubadilisha utaratibu anaouona kuwa mbovu.
* Malipo na shukrani. Mshahara mdogo, posho zinazochelewa na kazi nzuri isiyotambuliwa huvunja moyo.
* Uhusiano na wenzake. Matusi ya wakubwa, ugomvi kati ya kada na upweke wa anayefanya kazi peke yake kijijini huongeza msongo. Timu yenye kuaminiana huupunguza.
* Haki. Upendeleo katika zamu, mafunzo, uhamisho na vyeo huumiza hata pale mzigo wenyewe unapovumilika.
* Maadili. Mhudumu hutakiwa kufanya kinyume cha kile alichofundishwa kuwa ni huduma bora.

Kwa wahudumu wa afya huongezeka mambo ya pekee: vifo vya mara kwa mara, hofu ya kuambukizwa, hofu ya kushtakiwa kwa kosa, na vurugu kutoka kwa ndugu wa wagonjwa. Wanafunzi, madaktari walio mafunzoni na wahudumu wapya huathirika kwa urahisi, kwa kuwa hufanya zamu nyingi wakiwa na mamlaka madogo.

Mila ya taaluma nayo huchangia. Mara nyingi husemwa kuwa uuguzi na udaktari ni kazi ya wito. Wito huwapa wengi nguvu ya kuendelea, lakini hugeuka kuwa tatizo unapotumiwa kumnyamazisha anayedai mapumziko, glavu au malipo yake.

## Madhara

Madhara ya hali hii huanza kwa mhudumu na kuishia kwa mgonjwa. Mhudumu aliyeishiwa nguvu hukosea dozi kwa urahisi zaidi, huruka hatua za usafi na huchelewa kuona dalili za hatari. Lugha mbaya inayolalamikiwa katika wodi za wazazi haihalalishwi na uchovu, ila uchovu ni mojawapo ya sababu zake.

Utafiti mashuhuri ulioongozwa na Linda Aiken, uliochapishwa mwaka 2002, ulihusisha hospitali 168 na wauguzi zaidi ya 10,000 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja alipoongezwa kwa muuguzi wa wodi za upasuaji, uwezekano wa muuguzi kuwa na uchovu sugu ulipanda kwa asilimia 23, na uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Utafiti huo uliwafanya wengi waache kuutazama uchovu wa wauguzi kama suala la starehe ya wafanyakazi tu na kuuona kuwa suala la usalama wa wagonjwa.

Madhara mengine ni wahudumu kuacha kazi au kuhamia nchi nyingine. Wanaobaki hubeba mzigo wa walioondoka, nao huchoka zaidi. Mwaka 2010 WHO ilipitisha kanuni za kimataifa kuhusu uajiri wa wahudumu wa afya kutoka nje, ili nchi tajiri zisikaushe nchi zenye upungufu.

## Afrika ya Mashariki na ya Kati

Ripoti ya Afya Duniani ya mwaka 2006 ilieleza kuwa Kanda ya Afrika ilibeba asilimia 24 ya mzigo wa magonjwa duniani ikiwa na asilimia 3 tu ya wahudumu wa afya. Upungufu huo unaambatana na jambo linaloonekana kama kinyume chake: nchini Kenya na Tanzania wako wahitimu wa uuguzi na udaktari wasio na ajira, kwa sababu bajeti haitoshi kuwaajiri. Mwaka 2001, mjini Abuja, viongozi wa nchi za Afrika walikubaliana kutenga angalau asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya, lakini nchi nyingi hazijafikia lengo hilo.

Janga la UKIMWI liliwaelemea wahudumu wa kizazi kilichotangulia. Kabla dawa za kupunguza makali ya VVU hazijaanza kutolewa bure kwa wengi katikati ya miaka ya 2000, wauguzi walihudumia wodi zilizojaa wagonjwa ambao hawakuwa na tiba ya kuwapa, wakiwemo ndugu na wafanyakazi wenzao.

Migomo ya madaktari nchini Tanzania mwaka 2012, nchini Uganda mwezi wa Novemba 2017 na nchini Kenya ilihusu mishahara, lakini pia uhaba wa vifaa, dawa na wafanyakazi. Mgomo wa Kenya ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ulitokana na mkataba wa mwaka 2013 ambao haukuwa umetekelezwa. Mwingine ulianza Machi 2024 na kudumu siku 56, ukihusu pamoja na mengine malipo ya madaktari walio mafunzoni. Mgomo si dalili ya uchovu sugu, ila madai yake yanagusa maeneo yaleyale sita yaliyotajwa juu.

Katika mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mlipuko wa Ebola wa miaka 2018 hadi 2020 uliua watu zaidi ya 2,200. Wahudumu wa Beni, Butembo na maeneo jirani walifanya kazi ndani ya mavazi mazito ya kinga, kati ya vita, huku sehemu ya jamii ikiwashuku. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa WHO, raia wa Kamerun, aliuawa katika shambulio dhidi ya hospitali mjini Butembo.

Wakati wa janga la UVIKO-19, WHO ilikadiria kuwa wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walikufa duniani kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021. Mwaka 2021 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Wahudumu wa Afya. Katika nchi nyingi waliitwa mashujaa, lakini sifa hizo hazikuwa badala ya barakoa, malipo na mapumziko.

## Njia za kukabiliana

### Mhudumu mwenyewe

Hatua za mtu binafsi haziondoi chanzo, ila humsaidia kubaki imara na kuzitambua dalili mapema:

* kulinda usingizi, hasa baada ya zamu ya usiku, kwa kulala katika chumba chenye giza na kuzima simu;
* kulala kidogo, kama dakika 20 hadi 30, katikati ya zamu ya usiku pale utaratibu unaporuhusu, na kuepuka kuendesha gari au pikipiki akiwa na usingizi;
* kula na kunywa maji wakati wa zamu, na kutumia siku za likizo badala ya kuziuza au kuziacha zipotee;
* kufanya mazoezi ya mwili na kuendelea na mambo yasiyohusu kazi, kama vile familia, ibada, michezo, kwaya au bustani;
* kuweka mipaka ya simu za kazi nje ya zamu;
* kumweleza mtu anayemwamini hali yake, na kumwona mtaalamu wa afya ya akili dalili zinapodumu.

Mazoezi ya kutuliza akili yana manufaa kiasi. Mwaka 2009 ilichapishwa taarifa ya mafunzo ya namna hiyo kwa madaktari 70 wa Rochester, jimbo la New York, na uchovu wao ulipungua. Walioshiriki walipata pia nafasi ya kuzungumza pamoja kuhusu kazi yao.

Mtu anayefikiria kujidhuru, asiyeweza kulala kwa siku nyingi au anayetegemea pombe ili amalize siku, anahitaji msaada wa haraka. Wahudumu wana hatari ya pekee kwa sababu wanazijua dawa na wanaweza kuzipata kwa urahisi.

### Wenzake na timu

Miaka ya 1950 Michael Balint alianza kuwakutanisha madaktari mjini London ili wazungumze kuhusu wagonjwa waliowasumbua moyoni, badala ya kujadili dawa tu. Vikundi vya Balint vimeenea katika nchi nyingi. Utaratibu mwingine, unaoitwa Schwartz Rounds, ulianza mjini Boston mwaka 1997. Umepewa jina la Kenneth Schwartz, mwanasheria aliyekufa kwa saratani ya mapafu mwaka 1995 baada ya kuandika jinsi huruma ya wahudumu ilivyomfariji. Katika mikutano hiyo wafanyakazi wa kada zote husimulia upande wa hisia wa kazi yao.

Vikundi vya namna hii havihitaji vifaa. Katika kituo kidogo inawezekana kutenga dakika chache wakati wa kukabidhiana zamu ili kuulizana hali, au kukaa pamoja baada ya kifo cha mama au mtoto. Ni muhimu kikao hicho kisigeuke kuwa cha kutafuta mkosaji. Vilevile mtu asilazimishwe kusimulia tukio la kutisha lililotokea karibuni: WHO haipendekezi vikao vya aina hiyo, bali huduma ya kwanza ya kisaikolojia, yaani kusikiliza, kutuliza na kumsaidia mtu kupata mahitaji yake.

### Kituo cha kazi

Hatua zenye nguvu zaidi zimo mikononi mwa uongozi wa kituo:

* ratiba ya zamu inayojulikana mapema, inayogawanywa kwa haki na yenye mapumziko halisi;
* wahudumu wa kutosha kwa idadi ya wagonjwa;
* vifaa vya kinga, dawa na mashine zinazofanya kazi;
* kupunguza rejista na fomu zinazorudia taarifa zilezile;
* chumba cha kupumzikia na usafiri salama kwa wanaotoka usiku;
* ulinzi dhidi ya vurugu na utaratibu wa kushughulikia malalamiko;
* kuwashirikisha wahudumu katika maamuzi na kutambua kazi nzuri.

Wasimamizi wa karibu, kama muuguzi kiongozi wa wodi au mganga mfawidhi, wana nafasi kubwa. Wao ndio wanaopanga zamu, na wao ndio wanaoweza kuona mapema kwamba mtu aliyekuwa mchangamfu ameanza kunyamaza.

### Sheria na serikali

Baadhi ya nchi zimeweka mipaka ya saa za kazi. Katika Umoja wa Ulaya sheria inataka wastani usiozidi saa 48 kwa wiki na mapumziko ya saa 11 mfululizo kila siku. Nchini Marekani madaktari walio mafunzoni wamewekewa kikomo cha saa 80 kwa wiki tangu mwaka 2003. Msukumo wake ulitokana na kifo cha msichana wa miaka 18 katika hospitali moja ya New York mwaka 1984, akiwa chini ya uangalizi wa madaktari wanafunzi waliokuwa kwenye zamu ndefu. Jimbo la California lilikuwa la kwanza nchini humo kuweka kisheria idadi ya wagonjwa kwa kila muuguzi katika wodi zote. Sheria ya mwaka 1999 ilianza kutekelezwa mwaka 2004.

Mwaka 2017 Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika Azimio la Geneva, ambalo ni kiapo cha madaktari, ahadi ya daktari kutunza afya yake mwenyewe ili aweze kutoa huduma bora. Mwezi wa Machi 2022 Marekani ilipitisha sheria inayofadhili huduma za afya ya akili kwa wahudumu. Ilipewa jina la Lorna Breen, daktari wa dharura wa New York aliyejiua Aprili 2020 katika wimbi la kwanza la UVIKO-19.

Katika nchi zenye upungufu, hatua ya msingi ni kuajiri wahitimu waliopo, kulipa mishahara na posho kwa wakati, na kutoa motisha kwa wanaofanya kazi vijijini.

## Vizuizi vya kutafuta msaada

Wahudumu wengi huficha hali yao. Wanaogopa kuonekana dhaifu, kunyimwa cheo au leseni, au kutibiwa na wenzao wanaofahamiana nao na siri kuvuja. Mafunzo ya udaktari na uuguzi yamezoea kumsifu anayevumilia bila kulalamika. Kwa sababu hiyo huduma ya ushauri inayotolewa nje ya kituo anachofanyia kazi mhusika, na yenye kutunza siri, hutumiwa kwa urahisi zaidi.

## Ushahidi na mjadala

Mapitio ya tafiti kuhusu madaktari yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa hatua zilizojaribiwa zilipunguza kiwango cha uchovu sugu kutoka asilimia 54 hadi asilimia 44 kwa wastani. Hatua za mtu binafsi na za taasisi zote zilikuwa na manufaa. Mapitio mengine ya mwaka 2017 yalikuta kuwa manufaa ya hatua zilizobadilisha taasisi, kama vile zamu na mzigo wa kazi, yalikuwa makubwa kuliko ya zile zilizomlenga daktari peke yake. Miongozo ya WHO ya mwaka 2022 kuhusu afya ya akili kazini pia inahimiza kubadilisha mazingira ya kazi, hasa kwa wahudumu wa afya na wa dharura.

Wapo wanaolikosoa jina lenyewe. Mwaka 2018 madaktari Simon Talbot na Wendy Dean wa Marekani walipendekeza kusema "jeraha la kimaadili", istilahi iliyotumika kwanza kwa askari waliorudi vitani. Hoja yao ni kwamba kuzungumza juu ya uchovu humfanya mhudumu aonekane ameshindwa kuhimili, wakati mfumo ndio uliomzuia kutoa huduma aliyoapa kuitoa. Wengine hujibu kwamba maneno yote mawili yanafaa, mradi mafunzo ya kutuliza akili yasitolewe mahali pa kuongeza muuguzi wa pili kwenye zamu ya usiku.

## Tazama pia

* Afya ya akili
* Msongo wa mawazo
* Sonona
* Uuguzi
* Ukunga
* Usingizi
* Shirika la Afya Duniani